Mafuta Aliyochagua Tata

Jirani yangu amejenga uzio mpya, na tangu juzi anapaka nguzo zake mafuta machafu ya motere, yaani ya injini ya gari, ili mchwa wasizile. Jua likipanda, harufu inavuka njia na kuingia mpaka chumbani. Watoto wangu wanaziba pua na kucheka. Mimi nafunga dirisha. Si kwamba naiona mbaya. Wengi wetu tuliokulia mtaa wa Manika, Kolwezi, tuliipumua kila siku pamoja na vumbi jekundu na moshi wa makala, yaani makaa. Nafunga kwa sababu ikishaingia siwezi tena kufanya kazi. Narudi kwenye ua wetu wa zamani, nawasikia wanaume wawili waliozaliwa na mama mmoja, na kila mara namsikia yule mdogo akisema ukweli bila mtu wa kumwamini.

Tata, baba yangu, alikuwa karani katika ghala la kampuni ya migodi mpaka kampuni ilipopunguza watu. Kwa malipo yake ya mwisho alinunua kamioneti ya zamani, gari dogo la mizigo, rangi yake ya buluu imepauka juu ya paa, na akaanza kufanya safari kati ya Kolwezi na Mutshatsha. Alikwenda na chumvi, sabuni na nguo za mitumba, akarudi na mahindi, mihogo na makala. Mama aliuza mahindi sokoni. Katika nyumba ndogo iliyo nyuma ya yetu aliishi mdogo wake Tata, Mbuyi, pamoja na mke wake Mama Bea na mtoto wao aliyekuwa bado mgongoni. Kwangu alikuwa Baba Mudogo. Yeye alimwita Tata "Yaya", kama tunavyowaita wakubwa wetu, na alilitamka neno hilo kwa namna ya kulivuta kidogo, kama mtu anayetaka kuomba jambo. Mara nyingi alikuwa anaomba kweli.

Gari lile lilitulisha, na Tata aliliangalia kama mtu anayejua hatapata lingine. Hakulipeleka kwa fundi kufanya vidanje, yaani kumwaga mafuta ya zamani na kutia mapya. Alisema fundi anamwaga haraka motere ikiwa baridi, uchafu unabaki chini, kisha anakutilia mafuta asiyoyajua. Alifanya mwenyewe, Jumamosi asubuhi. Aliwasha motere kwanza ipate joto, akaizima, akatandaza gunia chini ya gari na kuingia kwa mgongo. Nilikuwa naona miguu yake tu. Kisha nilisikia mafuta yakianguka ndani ya beseni, kwanza kwa nguvu, baadaye polepole, mwishoni tone moja moja, naye amelala pale pale akingoja tone la mwisho. Mama alimwita chai ikipoa. Hakutoka.

Juu ya mafuta alikuwa mbishi sana. Madereva wenzake walikuja pale uani kumshauri atie mafuta mazito, yale ya namba arobaini, kwa kuwa motere yake ilikuwa ya zamani na mazito yangefunika kelele zake.

"Kelele itafunikwa, ndiyo," aliwajibu. "Lakini mu miezi ya baridi, asubuyi, ile mafuta inapanda polepole. Motere inajisaga yenyewe mbele ya mafuta kufika kule juu. Mi natia ile ya namba kumi na tano arobaini. Ikiwa baridi iko nyepesi, ikipata moto inabaki na nguvu."

"Na unabadilishaka ku kilometre ngapi?" walimuuliza, wakijua kwamba mshale wa kilomita wa gari lile ulikufa zamani.

"Ile kilometre ya mu kitabu, batu baliandika bakiwa ku lami. Mi niko ku vumbi, na mizigo. Naangalia mafuta yenyewe."

Na kweli aliyaangalia. Kila asubuhi kabla ya kuwasha, alivuta joje, kile kijiti cha chuma cha kupimia, akakipangusa, akakirudisha, akakivuta tena. Tone moja aliliweka juu ya karatasi nyeupe, jingine alilisugua kati ya kidole gumba na kidole cha shahada huku amefumba macho. Alinieleza siku moja kwamba weusi peke yake si ugonjwa. Motere ya mazutu, yaani dizeli, huyafanya mafuta kuwa meusi upesi, na hiyo ni alama kwamba yanasafisha. Ubaya ni yakisikika kidoleni kama yana mchanga, au yakiwa mepesi kama maji. Hapo hata kama uliyatia mwezi uliopita, unayamwaga.

Mimi sikuelewa hata nusu. Nilichoona ni mtu mzima anayeinama juu ya karatasi, kisha anasema "Leo tunaenda," au mara chache, "Leo hatuendi." Niliamini kwamba lile doa lilimwonyesha mambo ya njiani: daraja lililovunjika, mvua, watu wabaya. Niliamini kwamba baba yangu alikuwa anarudi mzima kila mara kwa sababu alijua kusoma doa. Nikawa nalala bila wasiwasi, wakati wenzangu ambao baba zao walishuka kwenye mashimo ya madini walikuwa wanaota ndoto mbaya.

Mwaka huo mvua ilipoanza, Tata alinunua bidoni mbili mpya, madumu ya mafuta ya motere, kutoka kwa Tata Petelo, mwenye duka la vipuri karibu na soko, mtu wa parokia yetu aliyeimba sauti ya chini katika kwaya. Zilikuwa bidoni nzuri, nyeusi, zenye kofia ya kijani, na pete ya plastiki chini ya kofia haikuwa imekatika. Tata aliipima ile pete kwa ukucha mbele yangu. Akafanya vidanje, akatia bidoni moja, na ya pili akaiweka chini ya kitanda kwa ajili ya kuongezea. Nakumbuka mafuta yakishuka ndani ya faneli, rangi ya chai isiyo na maziwa, mazuri kabisa kwa macho.

Siku chache baadaye, gari likiwa bado halijatoka, akaanguka na homa ya tumbo. Alilala kwenye mkeka karibu na mlango, midomo imepasuka, na mahindi ya Mama yalikuwa yanangoja Mutshatsha kabla barabara haijaharibika. Baba Mudogo akasema ataenda yeye.

"Mbuyi, sikia muzuri," Tata alimwambia, sauti imekauka. "Kila asubuyi, mbele ya kuwasha, unapima joje. Gari ikuwe pa fasi ya sawa, hapana pa kilima. Taa nyekundu ikiwaka, unasimama, hata kama ni katikati ya pori."

"Yaya, mi nilianza kuendesha gari mbele hata we uoe."

"Siko naongea juu ya kuendesha. Naongea juu ya mafuta."

"Ndiyo, Yaya."

Mama Bea alimfungia mihogo ya kuchemsha kwenye kitambaa. Baba Mudogo alimwinua mtoto, akampulizia tumboni mpaka akacheka, akaondoka.

Safari hiyo kwa kawaida ilimalizika siku iliyofuata. Yeye alichelewa. Aliporudi, alikuja ndani ya lori la watu wengine, amesimama nyuma juu ya mizigo, na gari letu halikuwepo. Aliteremka mbele ya uzio wetu, akavua viatu vyenye matope, akaingia mpaka penye mkeka wa Tata na kupiga magoti. Mimi nilikuwa naponda karanga pembeni ya mlango, na hakuna aliyenifukuza.

"Motere imekufa, Yaya."

Tata aliketi. Mama alikuja kumshika, Tata akamsukuma mkono.

"Eleza."

"Taa iliwaka pa kilima, mbele ya kufika ku mto. Nilisimama. Nilingoja motere ipoe, nikasukuma gari mpaka pa fasi ya sawa, nikapima joje. Mafuta ilikuwa yote, Yaya. Ilikuwa pa alama ya juu. Nikawasha, taa ikazima. Nikafikiri ni waya. Mbele kidogo motere ikaanza kugonga, halafu ile chuma ya ndani, biele, ikavunjika, ikatoboa motere ku mbavu."

"Motere iko na mafuta haivunjikake vile."

"Mafuta ilikuwa."

"Na sasa iko wapi? Nionyeshe."

"Ilimwangika yote pa njia. Na mvua ilinyesha."

Homa ilikuwa bado machoni mwa Tata, lakini siwezi kusema kwamba ni homa iliyosema. Alisema polepole, kama karani anayehesabu vitu vya ghala.

"Kule Mutshatsha kuko ba chauffeur ba malori banaombaka mafuta. Ulipunguza mu motere yangu, ukabauzia. Ukapoteza gari ya batoto yangu juu ya chupa ya mafuta."

"Mi?"

"We. Mwizi."

Mama alisema, akimwita kwa jina langu, "Baba Chantal, ngoja kwanza upone." Tata hakumsikia. Baba Mudogo hakupiga kelele. Alibaki pale amepiga magoti, mikono imefunguka juu ya mapaja kama anayeonyesha kwamba haina kitu.

"Yaya, ni we njo ulinifundisha kupima joje," alisema.

Tata aligeuza uso ukutani.

Wanaume wa mtaa walikwenda na lori kulivuta gari. Majirani walipopata habari walianza kuja, mmoja mmoja, wakaketi uani kwa sauti za chini, wakisema "pole, Tata, motere imekufa." Mimi nilichukulia kwamba tuko kwenye kilio. Nilikwenda nikavaa gauni langu la misa, nikaketi karibu na wanawake na kungoja watu waanze kuimba. Mama aliponiona alitaka kucheka, kisha akaweka kitenge usoni na kulia. Nikaridhika kwamba nilikuwa nimefanya sawa.

Baba Mudogo aliondoka kabla wiki haijaisha. Wengi walikuwa wanaondoka wakati huo kwenda kuchimba madini kwa mikono, wengine karibu na mji, wengine mbali magharibi. Alikuwa na mfuko mmoja na chepeo ya kuchimbia. Mama Bea alisimama mlangoni akiwa na mtoto. Walikuwa wamekwisha kusema yote ndani. Baba Mudogo alinikuta mimi penye bomba la maji, akachuchumaa.

"Baba Mudogo, unaenda wapi?"

"Naenda kutafutia Tata yako motere ingine."

"Wapi?"

"Mu mashimo. Mutoto, usimuambie bado. Nitaileta mwenyewe."

Nilimwamini kabisa. Katika mji wetu kila kitu kilitoka chini ya ardhi. Mtu alishuka shimoni, na baada ya muda nyumbani kwake kulikuwa na mabati mapya, pikipiki, televisheni. Hakuna aliyekuwa amenieleza kwamba kati ya shimo na mabati kulikuwa na mnunuzi wa mawe. Nilifikiri vitu vyenyewe vimezikwa huko, na kwamba ukichimba kwa uvumilivu utaigusa motere kwa chepeo, imelala kwenye udongo, nzima. Nilimwonea tu huruma kwa uzito wa kuibeba.

Tata alipona, lakini alikuwa mwembamba na mkimya. Alipata kazi ya kulinda geti la mtu. Gari lilikaa uani juu ya mawe, kuku wakalala ndani yake. Jina la Mbuyi halikutajwa. Mama Bea alipopita na ndoo yake, Tata alimwitikia salamu kwa adabu, na yeye alimsalimu kwa adabu, na mimi nilikuwa nashangaa kwamba watu wazima wanaweza kuishi ua mmoja namna hiyo, kama abiria wasiojuana. Mtoto alianza kutembea. Kila alipomwona mwanaume mrefu njiani alinyoosha mikono.

Miezi ya baridi ilikuwa imefika wakati jirani yetu mwenye kinu cha kusaga mahindi alipokuja kuuliza kama Tata hana mafuta ya motere ya kumwuzia, kwa kuwa ya kinu chake yamekwisha. Tata akakumbuka ile bidoni chini ya kitanda. Aliitoa, akaipangusa vumbi, akakata pete ya plastiki kwa kisu. Kisha, kwa kuwa kinu si chake na alitaka kumpa mwenzake kitu safi, alimimina kidogo ndani ya glasi na kuiweka dirishani akisema wangoje kidogo, amalizie chai.

Aliporudi kuitazama, alisimama. Aliinua glasi kwenye mwanga. Alichovya kidole, akasugua, akafumba macho. Akafanya hivyo tena. Jirani alimuuliza kuna nini. Tata alimwita Mama.

"Sikia hii," alisema, akimpaka Mama kwenye vidole. "Sikia."

"Iko kama mafuta ya taa," Mama alisema. "Iko na mchanga kidogo."

Chini ya glasi kulikuwa kumetua kitu cheusi, laini, kama masizi ya chungu. Yalikuwa mafuta yaliyokwisha kutumika ndani ya motere nyingine, yakachujwa, yakachanganywa na kitu cha kuyang'arisha, yakafungwa upya. Kwa rangi yalikuwa mazuri. Joje ingeonyesha kwamba yamejaa mpaka alama ya juu, na yasingelinda kitu.

Tata aliketi chini, si kwenye kiti, pale pale kwenye sakafu. Miaka yote alikuwa ameyapima mafuta yakitoka. Yakiingia, alipima pete ya kofia tu.

Alikwenda kwa Tata Petelo na glasi mkononi, amevaa koti lake la karani, na mimi nilimfuata nyuma bila kuitwa. Sijui alitaka nini. Labda mtu wa kumpiga. Tata Petelo alitazama glasi, akainusa, akaita mke wake aione. Kisha akaketi juu ya kreti.

"Tata, na mi nanunuaka tu. Inashuka mu malori, imefungwa vile uliiona. Hata mu gari yangu njo nilitia hii."

"Gari yako iko wapi?"

"Imesimama tangu Pasaka," alisema, na wanaume wawili wakabaki wanatazamana, hakuna wa kumkasirikia.

Siku iliyofuata Tata alimwomba ruhusa mwenye geti, akaenda kumtafuta mdogo wake. Mama Bea alimfungia mihogo, na juu yake akaweka shati la Mbuyi lililopigwa pasi. Kwa mara ya kwanza tangu mambo yale, ua wetu ulikuwa na furaha kidogo. Mama alifagia nyumba ya nyuma. Mimi nilimwambia mtoto kwamba Tata yake anakuja na motere.

Tata alikaa huko muda mrefu. Alirudi na shati bado limekunjwa. Alikuwa ameenda kwenye machimbo aliyotajiwa kwanza, ambako wachimbaji walimwambia Mbuyi alikuwa hapo, mtu wa kucheka, lakini mvua za mwisho zilikuwa zimebomoa upande wa shimo na kufunika watu, na hawakuweza kuwatoa wote. Mmoja alisema Mbuyi alikuwa ndani siku hiyo. Mwingine alisema hapana, alikuwa amekwisha kuondoka kwenda Kisenge na kundi lingine. Tata alifika Kisenge. Huko walimjua Mbuyi mmoja, ambaye alikuwa mfupi na mzee. Alirudi kwenye shimo la kwanza, akasimama juu ya udongo, akauliza kama anaweza kuazima chepeo. Walimwambia, "Tata, unachimbia upande gani?" Hakujua upande.

Haya yote alimweleza Mama Bea akiwa amesimama nje ya mlango wake, hakuingia. Mama Bea alipokea shati, akarudi ndani.

Kilio hakikufanywa. Bila mwili, bila siku, nani angekiita? Mama Bea aliendelea kuchota maji na kuuza mboga, na kila lori liliposimama mbele ya uzio alinyoosha shingo. Miaka ilipita hivyo. Mtoto alianza shule. Nilikuwa nimeshakua na kujua motere zinatoka wapi wakati ndugu wa ukoo walipokuja kumwambia Tata kwamba haiwezekani kungoja zaidi, mjane aachiliwe, mtu aliliwe kama mtu. Alikubali bila kubisha.

Walikuja wengi. Turubai lilifungwa uani, viti vya parokia vikapangwa. Kwetu, kabla watu hawajala, mkubwa wa familia husimama na kueleza marehemu alivyougua na alivyokufa, ili kila mmoja aondoke akijua. Tata alisimama. Nilifikiri atazungumza juu ya shimo na mvua. Alianza na bidoni.

"Mi njo nilichagua ile mafuta," alisema. "Niliangalia kofia, nikakuta haiyafunguliwa, nikafurahi. Mi nilikuwa mutu wa kupima mafuta ikitoka. Ikiingia sikupimaka." Alieleza kumi na tano arobaini ni nini. Alieleza taa nyekundu. Wengine walitazamana, mzee mmoja alimnong'oneza Mama kwamba apewe maji. Tata aliendelea. "Mbuyi alisimama pa taa. Alisukuma gari mpaka pa fasi ya sawa, peke yake. Alipima joje, akakuta mafuta yote. Aliniambia kweli, na mi nilimuita mwizi. Njo maana alikwenda. Njo vile ndugu yangu alikufa."

Mama Bea alikuwa ameketi kwenye mkeka, kichwa kimefungwa kitambaa cheusi. Alizungumza bila kuinua sauti, na bila hasira, jambo ambalo hadi leo naliona gumu kuliko hasira.

"Tata, hii maneno unatuambia sisi. Sisi tuliijua. Hata ile siku alirudia na lori, mi nilijua bwana yangu haiko mwizi. Kuko mutu mwenye walichimba naye, alipita huku, aliniambia. Kila mutu mwenye kutokea Kolwezi, Mbuyi alikuwa namuuliza kintu kimoja: Ni Yaya njo amekutuma?"

Kisha akasimama, kwa kuwa wageni walitoka mbali na chakula kilikuwa tayari, akaenda nyuma kupakua. Wanawake wengine wakamfuata. Tata alibaki amesimama katikati ya viti. Mama alimvuta shati, akamwambia aketi. Hakuketi. Watu walikula wakimzunguka, wakanawa mikono, wakaaga, na wengine walipomwekea mkono begani ili kupita, alisogea kidogo kuwapa njia.